Maji ya Kuwashia Tingatinga

Katikati ya miaka ya tisini, katika kiangazi ambacho hata wazee walikuwa wamechoka kukilinganisha na vingine, idara niliyoifanyia kazi ilinitoa karakana ya Garissa ikanipeleka Wajir. Kutoka Wajir nilipanda juu ya lori la unga wa msaada hadi upande wa Hadado. Huko kulikuwa na tingatinga lililopelekwa kuchimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, na lilikuwa limegoma shimo likiwa bado halijafika kimo cha mtu. Mkubwa wangu aliniambia kwamba injini ndogo inachemka tu, kwamba ni kazi nyepesi. Alinipa sanduku la spana na plagi kuukuu alizozichomoa kwenye gari lingine, akanitakia safari njema.

Tingatinga la aina ile lina injini mbili. Kubwa ni ya dizeli, nzito, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizungusha. Ubavuni mwake kuna ndogo ya petroli ambayo kazi yake ni moja: unaiwasha kwa hendeli, chuma cha kuzungushwa kwa mkono, inanguruma kwa muda ikiipasha kubwa joto, kisha unavuta klachi na ile ndogo inaizungusha kubwa mpaka iwake. Baada ya hapo unaizima. Maji ya kupoza ni yale yale kwa zote mbili, lakini pampu na feni viko kwenye ile kubwa. Kwa hiyo ndogo ikikawia kumaliza kazi yake, maji yaliyoizunguka hayaendi popote. Yanachemka palepale.

Ndivyo nilivyoona asubuhi ya kwanza. Dereva alikuwa Msomali wa Garissa, mtu mzima mwenye ndevu za hina, aliyekuwa na mashine ile tangu ilipokuwa na rangi. Alizungusha hendeli kwa mkono wa kushoto, jambo nililoliona na nisilitilie maanani, na injini ndogo ikawaka bila ubishi. Lakini mlio wake ulikuwa mzito na wa kinyonge, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Alipovuta klachi, injini kubwa ilizunguka polepole, ikatoa moshi mweupe, ikakataa. Akarudia. Kabla hajarudia tena, mvuke ulifumuka kwenye mdomo wa rejeta, tangi la kupozea maji, na maji ya moto yakamwagika chini ya minyororo, ardhi ikayameza mara moja.

Nilipogeuka niliona wanawake wamesimama, wanatazama pale maji yalipoingia.

Maji yale yalitoka kwenye kisima cha mashine kilichokuwa mbali, safari ya ngamia ya kwenda na kulala na kurudi. Yalifika kwenye mitungi ya plastiki ya njano, na aliyeyagawa alikuwa mjane mmoja wa makamo ambaye wote walimwita eeddo, yaani shangazi, nami nikamwita hivyohivyo. Kila asubuhi alipima kwa kopo la mafuta ya kupikia: watoto kwanza, wagonjwa, wakubwa, kisha mbuzi wachanga ambao hawangeweza kutembea hadi kisimani. Tangu tingatinga lifike, palikuwa na fungu lingine. Watu walikuwa wamekubaliana kwamba mashine inyweshwe, kwa sababu silanga likimalizika kabla ya mvua, safari za kisimani zingepungua. Fungu la tingatinga lilitolewa katika fungu la mbuzi wachanga, na wengi wa mbuzi hao walikuwa wake yeye, kwa kuwa hangeweza kukata fungu la mwingine akaacha lake.

Dereva alinieleza kwamba mwanzoni walipata njia ya kukwepa. Wakishafaulu kuiwasha kubwa, hawakuizima tena. Iliunguruma mchana na usiku, hata wakati wa kula na kuswali, mpaka dizeli iliyokusudiwa kumaliza kazi nzima ikaisha wakati shimo ni la magoti. Dizeli nyingine ilikuja baada ya malalamiko mengi, lakini sasa mashine ilikuwa imepoa, na kila jaribio la kuiwasha liliishia katika mvuke.

Mimi nilidhani nimeyajua matatizo yake kabla ya chai. Maji ya Wajir ni ya chumvi na chokaa. Ukichemshia sufuria moja kwa mwezi, inavaa ganda jeupe ndani. Nilifungua kifuniko cha juu cha injini ndogo na kweli, njia za maji zilikuwa zimeziba kama koo lenye uvimbe. Nilituma ujumbe kwa dereva wa lori lililokuwa likirudi, na lilipokuja tena lilileta gunia la ndimu kutoka mashamba ya Garissa, kando ya mto. Tulizikamua, mimi na dereva wa tingatinga na wasichana wa pale, mpaka vidole vikatuwasha. Tukajaza juisi ile kwenye njia za maji, tukaiacha ifanye kazi. Tulipoifungulia ilitoka nzito, rangi ya uji wa mtama, na vipande vya chokaa ndani yake.

Ilihitaji maji ya kusuuzia. Nilikwenda kwa eeddo nikamweleza. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

"Haye," akasema, yaani sawa. "Maji hii ni ya watoto ya mbuzi. Wewe jua tu."

Tulisuuza, tukajaza, tukawasha. Safari hii ilichukua muda mrefu kidogo kabla ya kuchemka, lakini ilichemka. Injini kubwa ilikohoa, ikakataa. Mvuke ukatoka. Eeddo aliokota mitungi miwili mitupu akaenda zake. Asubuhi iliyofuata nilimkuta akiburuta mwanambuzi kwa mguu kumtoa nje ya boma la miiba, na mwingine alikuwa amekwisha kulazwa kule nje. Nilisema pole. Alinijibu kwa adabu kama nilivyomwambia, "Pole na kazi, fundi," akaendelea kuburuta.

Siku ile sikuwasha kitu. Nilikaa chini ya turubai nikaitazama injini ile ndogo kama mtu anavyomtazama jirani mwizi. Nilikumbuka jambo: ilipokuwa ikinguruma, bomba lake la moshi lilikuwa jekundu, jekundu hata mchana ule wa jua kali. Chokaa haifanyi bomba la moshi kuwa jekundu. Bomba hugeuka jekundu pale cheche ya plagi inapochelewa, petroli ikaendelea kuungua wakati inatolewa nje. Nguvu iliyopaswa kuisukuma pistoni inageuka moto mtupu. Injini inakuwa nyonge, na joto linabaki kwake. Kila kitu nilichokiona kiliingia mahali pake.

Taimingi ya injini ile, yaani wakati wa cheche kuruka, inafuata magneto, kidude kinachozalisha umeme wa plagi. Kimefungwa kwa nati mbili, na ukizilegeza unaweza kukigeuza kidogo mbele au nyuma, na cheche ikawahi au ikachelewa. Nilipangusa grisi na vumbi pale kinapokaa. Chini yake paliachwa alama ya rangi ya zamani, mahali kilipokaa miaka yote, na kando yake mikwaruzo mipya inayong'aa. Mtu alikuwa amekigeuza nyuma hadi mwisho wa nafasi yake, akakikaza.

Nilimwita dereva. Sikumwuliza kitu, nilimwonyesha kwa kidole. Alitazama, kisha akachuchumaa kando yangu, akapandisha mkono wa kulia wa shati lake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeunga vibaya, mfupa umevimba upande mmoja kama jiwe chini ya ngozi.

Hendeli ilikuwa imempiga. Ilitokea miezi mingi nyuma, huko Takaba, mbali kaskazini, walikopelekwa kuchimba silanga jingine kabla ya hapa: alizungusha, injini ikawaka kinyume, hendeli ikarudi kwa nguvu ikavunja mkono. Hakukuwa na daktari. Mzee mmoja anayeunga mifupa alimfunga kwa vijiti. Alipoulizwa na wakubwa alisema ameanguka, kwa sababu dereva asiye na mkono mzima angepewa barua ya kwenda nyumbani, na nyumbani kulikuwa na watoto ambao hawakuwa na mwingine. Akajua, kama kila dereva mkongwe ajuavyo, kwamba cheche ikichelewa hendeli hairudi. Akalegeza zile nati mwenyewe.

"Tangu hapo haijanipiga," akasema.

Nilimwuliza kama alijua kwamba cheche hiyo iliyochelewa ndiyo inayochemsha maji. Alisema kwamba mwanzoni hakujua. Baadaye alianza kudhani. Na alipoanza kudhani, maji mengi yalikuwa yamekwisha kumwagwa hata hakuona namna ya kusema. Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtu wa rika langu hapaswi kumwambia wa rika lake. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake, akaenda mwenyewe kwa eeddo.

Nilifuata kwa mbali. Walizungumza Kisomali, yeye amesimama, eeddo ameketi akisuka kamba. Sikuhitaji kuelewa kila neno. Alimwonyesha mkono, eeddo akaushika, akaubonyeza pale ulipounga vibaya, kama mtu anayemkagua mnyama kabla ya kumnunua. Nilipofika karibu eeddo alibadili lugha, nadhani ili nami nisikie, akamwita walaal, yaani ndugu.

"Ungesema tu, walaal. Mkono ingine ya kuzungusha tungepata. Hapa vijana iko mingi. Maji ingine tutoe wapi?"

Dereva alisema Mungu amsamehe. Eeddo alisema naye anamwombea hivyo. Kisha akaendelea na kamba yake, na dereva akabaki amesimama hajui aende au akae.

Kilichobaki kilikuwa kazi yangu. Kurudisha magneto mahali pake kungetosha kuondoa joto, lakini kungemrudishia yule mtu hatari ya kuvunjwa mkono mwingine, kwa hiyo nilitaka kujua ilimpiga kwa nini. Ndani ya magneto kuna springi ambayo kazi yake ni kuchelewesha cheche wakati injini inazungushwa polepole kwa hendeli, kisha kuiachia iwahi pindi inapowaka na kushika kasi. Yaani aliyeiunda alikwisha kuufikiria mkono wa dereva. Niliifungua nikakuta mafuta yaliyoganda na vumbi jekundu la nchi ile vimeigandisha springi isiweze kucheza. Niliiloweka kwenye petroli, nikasugua kwa mswaki mpaka ikawa inaruka kwa mlio mkavu ninaoupenda hadi leo.

Alama za taimingi kwenye gurudumu la injini zilikuwa zimelika zote. Nilichomoa plagi, nikaingiza kijiti kirefu kwenye tundu mpaka kikaigusa pistoni, na dereva akazungusha taratibu hadi kijiti kikafika juu kabisa kisha kikaanza kushuka. Tulirudi nyuma kidogo. Nikabana kipande cha karatasi ya sigara katikati ya platini za magneto, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana, nikageuza magneto polepole huku nikiivuta karatasi, na pale ilipoachia, hapo ndipo cheche inaporuka. Nikakaza nati. Tukahakikisha tena, na tena, kwa sababu sasa hatukuwa na maji ya kukosea.

Nilizungusha hendeli mimi. Injini ndogo iliwaka kwa mlio mwepesi nisiowahi kuusikia kwake, mkali, kama cherehani. Bomba la moshi lilibaki jeusi. Dereva alisubiri, akavuta klachi, na ile kubwa ikazunguka kwa kasi, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Rejeta haikutoa hata tone. Watoto walikimbia, wanawake wakatoka nje ya vibanda. Eeddo alikuja, akaweka kiganja kwenye rejeta, akakiacha hapo kidogo, akaniuliza kama kesho itahitaji mtungi. Nikamwambia haitahitaji. Aliitikia kwa kichwa na kurudi kwa mbuzi waliobaki.

Tulichimba vizuri. Shimo lilipita magoti, likafika kiuno, likaanza kuwa na kingo. Jioni tulikuwa tunazima mashine bila wasiwasi, na asubuhi dereva anawasha mwenyewe, kwa mkono wa kushoto bado, kwa mazoea. Watu walianza kubishana kuhusu mahali pa kuweka uzio wa miiba na nani angelinda. Nilikula nyama ya ngamia kwa mara ya kwanza maishani, na nilidhani kwamba nimefika mahali na kufanya jambo.

Ndipo Land Rover ya serikali ikaja. Aliyeshuka alikuwa ofisa kutoka Wajir, mtu wa bara kama mimi, na alifurahi kuniona. Alisema wamesikia tingatinga limepona na hakuamini. Aliomba tulizime, tuliwashe tena, aone. Nikalizima, nikaliwasha kwa zungusho moja. Alipiga makofi. Alinipongeza mbele ya watu wote, kwa Kiswahili safi, akasema idara inahitaji vijana kama mimi. Kisha alitupeleka kando, mimi na dereva, akatuambia kwamba lori la kubebea mitambo liko njiani. Mtu mmoja mkubwa, ambaye kila mtu aliyajua mashamba na magari yake, alikuwa ameomba tingatinga likachimbe silanga karibu na kwake. Maombi yake yalikuwa yamelala muda wote mashine ilipokuwa mbovu. Nani angetaka mashine mbovu? Sasa ilikuwa nzima.

Nilimwambia shimo hili bado. Akasema litamalizwa baadaye. Nilimweleza habari ya maji, ya mbuzi wachanga, ya ndimu. Alisikiliza kwa uvumilivu, akaniambia mimi ni mtu wa spana na haya ni mambo ya ofisi.

Lori lilipofika, wanawake walikuwa wamekaa mbele ya tingatinga, ardhini, eeddo katikati yao. Hawakupiga kelele. Lori lilikuja na askari wa utawala, na askari waliwaondoa mmoja mmoja kwa kuwashika kwapani, bila kuwapiga, jambo ambalo ofisa alilitaja baadaye kama sifa. Dereva aliagizwa awashe. Alisema mkono unamuuma, akaonyesha kifundo chake waziwazi, mbele ya ofisa, kile alichokificha miezi yote ile. Nikaagizwa mimi. Nilisema injini ikiwa baridi ni hatari, nikarudi nyuma.

Askari mmoja, kijana ambaye nadhani hakuwahi kugusa mashine kubwa kuliko baiskeli, alicheka, akashika hendeli, akazungusha mara moja. Ikawaka. Ikawaka kwa mlio ule ule mwepesi, bila kumrudishia hendeli, bila kumdhuru. Tulikuwa tumeitengeneza hivyo, ili mtu yeyote aweze kuiwasha. Dereva alitazamwa na wote mpaka akapanda kitini, kwa kuwa watoto wake bado walikuwa kule Garissa, akaliendesha hadi juu ya lori. Eeddo alisimama akipangusa vumbi kwenye baibui yake. Alipopita karibu nami nilianza kusema kitu, naye akasema kwa sauti ya kawaida, "Afadhali ingekaa na ugonjwa yake, fundi. Ingekuwa ya sisi."

Niliondoka na lori la unga. Baadaye niliandika malalamiko wilayani, nikaitwa, nikaulizwa kama nina nia ya kuingia siasa, kisha nikahamishwa nirudi karakana ya Garissa. Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira, na nasikia shimo letu lilikusanya maji ya kunywesha mbuzi kwa muda mfupi, yakakauka, likabaki tope lililopasuka. Hakuna mashine iliyorudi kulimaliza.

Dereva nilikutana naye baada ya mwaka hivi, karibu na daraja la Tana, akiwa ameacha kazi na kuanza kulima vitunguu kwenye shamba la kukodi. Tulikaa kwenye kibanda cha chai. Alinisimulia kwamba silanga la yule mkubwa lilijaa mpaka pomoni, kubwa, zuri, likazungushiwa waya na kuwekewa mlinzi. Siku moja, kabla hajaacha kazi, alikuwa chini ya tingatinga akikaza mnyororo alipoona viatu vya wafugaji vikipita, akachungulia. Alikuwa eeddo, na kundi dogo la mbuzi, akizungumza na mlinzi wa lango.

Nilimwuliza kama eeddo alimtambua.

"Alinitambua. Akaniuliza habari ya watoto."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia wazima, alhamdulillahi."

Alikoroga chai yake iliyokuwa imekwisha kupoa. Nikamwuliza habari ya mbuzi, kama waliruhusiwa kunywa.

"Hapana," akasema. "Walirudishwa. Wakashika njia ya Takaba, kutafuta maji."